Darasa la maandalizi ya usaili, Area C, Dodoma: linalofanya vizuri na linalohitaji kurekebishwa

Kwa yeyote aliyewahi kukaa mbele ya jopo la usaili akiwa amejiandaa vya kutosha, kisha akaulizwa swali analolijua na asipate hata neno la kuanzia, darasa la maandalizi ya usaili linaloendeshwa hapa Area C linastahili kuangaliwa kwa makini. Nimehudhuria vipindi vyake, nimelipa ada kama wenzangu walivyolipa, na ninaandika tathmini hii kwa kuwa sijaona hapa mjini huduma nyingine inayolishughulikia tatizo hilo moja kwa moja. Madarasa mengi ya aina hii humfundisha mtu kuandika wasifu na barua ya maombi, kazi ambayo rafiki aliyekwisha kuajiriwa anaweza kukusaidia jioni moja mkiwa nyumbani. Hili linamzoeza mtu kuongea wakati ulimi umekuwa mzito na moyo unadunda. Katika hilo ninalisifu sana, na katika mengine nina malalamiko nitakayoyaeleza.

Dodoma ni mji wa usaili mwingi. Ofisi za Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma zimekuwa katika jengo la Dkt. Asha-Rose Migiro pale Chuo Kikuu cha Dodoma, wizara nazo zimehamia Mtumba, mji wa Serikali ulio hapa Dodoma, na matangazo mengi ya kuitwa kwenye usaili yamekuwa yakiwaleta huku vijana kutoka kila pembe ya nchi. Tangazo lenyewe husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa hiyo anayetoka Kigoma au Tunduma hushuka stendi ya Nanenane akiwa amechoka na safari ndefu, hulala kwa ndugu Nkuhungu au katika nyumba ya wageni, na asubuhi huingia ukumbini na bahasha ya vyeti halisi huku akijua kwamba nauli ile ilikopwa na kwamba mama yake anasubiri simu. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wanaotoka Dar es Salaam wamepata nafuu ya uchovu, lakini mzigo wa matumaini ya watu wa nyumbani haujapungua kwa yeyote. Siwezi kumshangaa mtu anayepigwa na bumbuwazi akiwa na mzigo huo, na ninasikitika kila ninapomsikia mtu mzima akimwambia kijana wa namna hiyo kwamba alishindwa kwa sababu hakusoma.

Kuganda mbele ya jopo hakuna uhusiano wa moja kwa moja na kutokusoma. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha njia ya kumtia mtu mfadhaiko katika maabara ili waupime, na zoezi waliloliona linafaa ni usaili wa kazi. Mshiriki hupewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha huongea kwa dakika tano mbele ya jopo kana kwamba anaomba kazi, huku wajumbe wakimtazama bila kutabasamu wala kumwitikia. Baada ya hapo hutakiwa kuhesabu kwa sauti kurudi nyuma kuanzia 1,022, akitoa 13 kila mara, na akikosea huanza upya. Njia hiyo inatumika hadi leo kwa sababu hupandisha kotisoli, homoni ya mfadhaiko, kwa watu wengi wanaoipitia. Kwanza huja homoni nyingine, adrenalini, ndiyo inayokausha mdomo, kulowesha viganja na kuupeleka moyo mbio. Kotisoli hufuata taratibu na kufika kileleni baada ya muda. Hali hiyo huivuruga sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kushika mawazo na kuyapanga, na huifanya kazi ya kuvuta kumbukumbu kuwa ngumu. Elimu ya mtu haijaondoka, bali njia ya kuifikia imeziba kwa muda. Ndiyo maana jibu kamili hurudi lenyewe mtu akiwa ameshapanda daladala kurudi mjini, wakati halimsaidii tena.

Darasa la Area C limejengwa juu ya ukweli huo, ingawa waendeshaji wake hawatumii maneno ya kitaalamu. Lipo katika chumba cha chini cha jengo linalotazamana na barabara yenye bajaji nyingi, na mbele yake kuna kibaraza chenye benchi refu la mbao. Msailiwa wa majaribio haingii moja kwa moja. Husajiliwa mlangoni kwa kuonyesha kitambulisho, huambiwa akae kwenye benchi, na huachwa pale kwa muda ambao hakuambiwa utakuwa mrefu kiasi gani, huku wenzake wakitoka mmoja mmoja na nyuso zao zikisema kila kitu. Mwanzoni nililiona jambo hilo kuwa ni utaratibu mbovu. Baadaye nilielewa kwamba wanalifanya kwa makusudi, kwa kuwa nusu ya kiwewe huzaliwa kwenye benchi kabla ya mlango kufunguliwa.

Ndani kuna meza moja, wajumbe watatu, na kiti cha plastiki kilichowekwa mbali na meza kuliko mtu anavyotarajia, kiasi kwamba huna pa kuegemeza mikono. Mwenyekiti wa jopo ni mama mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi, na wote humwita Mama Mwenyekiti, hata nje ya chumba. Wajumbe wengine wawili hubadilishwa mara kwa mara ili wanafunzi wasiwazoee, na hili ni jambo la busara sana, kwa sababu kujieleza mbele ya kaka yako au mbele ya mwalimu aliyekwisha kukupenda hakukuandai kwa macho ya watu usiowajua. Mjumbe mmoja huandika tangu unapoingia mpaka unapotoka bila kuinua uso. Mwingine hukutazama tu. Ukimaliza jibu, hakuna anayesema ahsante wala vizuri. Kunabaki kimya, kalamu inasikika, bajaji inapita nje, kisha swali jingine linakuja. Kimya hicho ndicho kinachowaangusha wengi, kwani mtu hudhani amekosea na huanza kulirekebisha jibu ambalo lilikuwa sahihi.

Mimi nilisomea mipango ya maendeleo, na niliomba kazi ya Afisa Mipango. Katika usaili wa kweli nilioufanya kabla ya kulijua darasa hili, niliulizwa hatua za kuandaa mpango shirikishi wa kijiji kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wakati wa mafunzo kwa vitendo niliifanya kazi hiyo kwa mikono yangu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi: tuliketi na wanakijiji chini ya mbuyu, tukachora ramani ya rasilimali ardhini kwa vijiti na kokoto, tukaandika kalenda ya misimu, tukapanga vipaumbele kwa kupiga kura, na mpango ukapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hakuna swali ambalo ningependa kuulizwa zaidi ya hilo. Kijasho chembamba kilinitoka, nikasema neno la kwanza la sentensi, nikalirudia, nikanyamaza. Mwenyekiti wa jopo hilo alisubiri kwa upole, kisha akasema tuendelee na swali linalofuata.

Katika darasa hili nilimsimulia Mama Mwenyekiti habari hiyo, naye hakunipa pole wala hakunipa kanuni ya kukariri. Aliniuliza, "Mwanangu, huko Bahi, siku ya kwanza mlipofika, nani aliwapokea?" Nikasema ni mtendaji wa kijiji. Akauliza kisha tulikwenda wapi, na tulifanya nini, na aliyeshika kijiti alikuwa nani. Bila kutambua nilikuwa nimejibu swali lote lile lililonishinda, kwa mpangilio wake, na alichoniongezea ni kunitajia mahali ambapo ningeweka majina rasmi ya hatua hizo. Fundisho lake kwa wote ni kwamba akili inapogoma, msailiwa asianze kwa kutafuta tafsiri ya kitabuni, ambayo ndiyo hupotea kwanza. Aanze kwa kitu alichokifanya, mahali alipokuwa na watu aliokuwa nao, kwani kumbukumbu ya namna hiyo ina milango mingi ya kuingilia. Afisa muuguzi aanze na mgonjwa aliyempokea, mhasibu aanze na hati ya malipo aliyoiandaa, mwalimu aanze na kipindi alichofundisha. Nimeliona likiwafungua ndimi watu ambao dakika mbili kabla walikuwa wamekodoa macho tu.

Yapo na mengine madogo yanayofundishwa vizuri. Mtu huzoezwa kusema "Naomba nirudiwe swali" kwa sauti iliyotulia, na wajumbe humrudia, mpaka aache kuliona ombi hilo kuwa ni aibu. Huzoezwa kutoa pumzi taratibu kuliko anavyoivuta, akiwa bado kwenye benchi, jambo ambalo husaidia kuupunguza mwendo wa moyo. Huambiwa asinywe kahawa kupita kiasi wala vinywaji vya kuchangamsha asubuhi ya usaili, kwa kuwa mapigo ya moyo yakiongezeka mwili huyachukua kama hofu.

Kuhusu salamu, darasa limechukua msimamo ninaoukubali kwa moyo wote. Vijana wengi wamefundishwa kuingia na kusema "Good morning panel", maneno wasiyoyatumia popote pengine, na ulimi hujikwaa hapo hapo. Hapa kijana huambiwa aangalie waliokaa mbele yake. Ikiwa ni watu wazima wa umri wa wazazi wake, aseme "Shikamooni" kama alivyolelewa, asubiri "Marahaba", kisha akaribishwe kukaa. Neno hilo amelitamka tangu utotoni na halihitaji kutafutwa, na mtu akishasikia sauti yake mwenyewe ikitoka sawasawa, sentensi ya pili huwa nyepesi. Ikiwa wajumbe ni vijana wenzake, "Habari za asubuhi" inatosha. Kuna wanaoona kwamba jambo hili halina nafasi katika ofisi za kisasa. Mimi naona heshima iliyozoeleka humtuliza anayesalimu na anayesalimiwa.

Sasa nije kwenye malalamiko, na la kwanza ni kabrasha. Kila anayejiandikisha hupewa kijitabu cha maswali na majibu, kikianza na "Jieleze kwa ufupi" na kuendelea mpaka "Kwa nini tukuajiri wewe", kila swali likiwa na jibu lililoandikwa neno kwa neno kwa Kiingereza. Wanafunzi wengi hulikariri kama kasuku usiku kucha, na hao ndio niliowaona wakianguka vibaya zaidi chumbani, kwa sababu jibu lililokaririwa kwa mfululizo wa maneno likikatika neno moja limekatika lote. Kinachonisikitisha ni kwamba kabrasha hilo linaibomoa kazi nzuri inayofanyika mezani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha katika jarida la Science utafiti uliowalinganisha watu waliojifunza maneno na picha kwa kuzisoma tena na tena na wale waliojifunza kwa kujilazimisha kuzikumbuka bila kuangalia. Kisha baadhi ya watu wa kila kundi wakatiwa mfadhaiko kwa kuongea na kufanya hesabu mbele ya watu. Waliokuwa wakisoma tu, walipotiwa mfadhaiko, walikumbuka machache kuliko wenzao ambao hawakutiwa. Waliokuwa wakijilazimisha kukumbuka, kumbukumbu zao hazikuyumbishwa na mfadhaiko. Mama Mwenyekiti hufanya hilo la pili kila siku anapomwambia mtu afunge daftari na aeleze kwa maneno yake. Kabrasha hufanya hilo la kwanza. Ningekuwa na sauti katika uendeshaji, ningeyaacha maswali na kuyaondoa majibu yote, kisha chini ya kila swali ningeweka nafasi tupu ya mtu kutaja kazi aliyoifanya yeye mwenyewe.

La pili ni idadi ya watu. Siku za kawaida kundi huwa dogo na kila mmoja hupata zamu yake ya kutosha, tena kwa kurudia. Lakini Sekretarieti inapotangaza majina ya walioitwa kwa kada zenye waombaji wengi, chumba hufurika, benchi la nje halitoshi, na wanaofika jioni huishia kuwatazama wenzao wakisailiwa. Kutazama hakumzoezi mtu chochote. Mtu aliyelipa ada ileile anastahili kukaa kwenye kile kiti cha plastiki, na kama nafasi zimejaa, ni haki aambiwe kabla hajatoa fedha.

La tatu ni bango lililobandikwa mlangoni linalosema kwamba ajira ni uhakika. Bango hilo liondolewe. Hakuna darasa linaloweza kumhakikishia mtu ajira, na katika mji ambamo vijana wengi wameibiwa na watu wanaojifanya wana ndugu ndani ya mfumo, kauli kama hiyo inawazoeza kuamini kisichokuwepo. Maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti, hayalipiwi, usaili haulipiwi, na Sekretarieti yenyewe imekuwa ikiwaonya waombaji dhidi ya matapeli. Waendeshaji wa darasa hili ni waaminifu kwa jinsi nilivyowaona, risiti wanatoa na ahadi za pembeni hawatoi, hivyo hawana sababu ya kujifananisha na wasio waaminifu.

Lipo pia pengo la lugha. Wajumbe huuliza maswali mengi kwa Kiswahili, ilhali katika usaili wa kada zinazohitaji shahada swali linaweza kuja kwa Kiingereza na jibu likatarajiwa kwa Kiingereza. Mtu anayeganda huganda mara mbili pale anapotafuta wazo na msamiati kwa wakati mmoja. Siku chache mjumbe mmoja alipouliza kwa Kiingereza, niliona tofauti kubwa: watu waliokwisha kuchangamka walirudi kwenye kigugumizi. Kwa kuwa tatizo liko hapo, mazoezi nayo yawe hapo, angalau kwa nusu ya kila kipindi, na msailiwa azoezwe pia kuomba kwa adabu aruhusiwe kufafanua hoja moja kwa Kiswahili pale jopo linapokubali.

Ni lazima niseme neno kuhusu dawa, kwa kuwa nilisikia zikizungumzwa kwenye benchi. Wapo wanaoambiana kwamba kidonge fulani cha kupunguza mapigo ya moyo, propranololi, humeza woga wote. Ni dawa inayotolewa kwa maelekezo ya daktari, na kwa mwenye pumu inaweza kumletea hatari kubwa ya kubanwa kifua. Msimamizi wa darasa alilikemea jambo hilo mbele ya wote na akamtaka aliyekuwa akizigawa aondoke nazo, na nilimheshimu kwa hilo. Vilevile darasa linajua mipaka yake. Kuna dada mmoja ambaye hofu yake haikuwa ya usaili pekee. Alikuwa haingii hata benki kama kuna foleni, na usiku halali. Mama Mwenyekiti alikaa naye pembeni muda mrefu na akamshauri aende Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyo hapa hapa Dodoma. Najua jina hilo linavyotamkwa mitaani kwa kejeli, na najua linavyowatisha watu wanaohitaji msaada. Wasiwasi uliopita kiasi ni ugonjwa unaotibika, wataalamu wake wako ndani ya mji huu, na kumficha mwenye nao kwa kuogopa maneno ya majirani ni kumtesa.

Ada ni shilingi 40,000 kwa vipindi vinne, na inalipwa kwa simu au mkononi. Kwa mtu asiye na kipato si fedha ndogo, lakini ukilinganisha na nauli ya kwenda na kurudi mkoani kwa usaili mmoja utakaoharibika kwa kukosa neno la kuanzia, naiona inalingana na huduma, mradi mtu apate zamu zake zote za kusailiwa. Wanaojiandaa na usaili wa mchujo wa kuandika hawatapata cha maana hapa na ningewashauri wabaki na vitabu vyao. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye kwa asili ni mwepesi wa kuongea na anachokosa ni maarifa ya kada yake.

Kwa aliyefaulu mchujo, ameitwa kwenye mahojiano, na anaijua kazi yake lakini anaogopa kwamba atanyamaza, ningemshauri aende angalau wiki mbili kabla, si siku mbili, kwa sababu mazoea hayajengwi kwa kipindi kimoja. Aende siku za katikati ya wiki ambapo watu ni wachache. Kabla ya kulipa aulize mambo mawili: atakaa kwenye kiti cha msailiwa mara ngapi, na je, wajumbe watamuuliza kwa lugha atakayoulizwa huko aendako. Majibu akiyaridhia, alipe, achukue risiti, na kabrasha aliache mezani.